Ukuta wa dushi unaolowesha chumba cha kulala: uchambuzi wa kisa kimoja cha Bukavu

Makaro (vigae) peke yake hayazuii maji. Yanapendeza, yanasafishika kwa urahisi, yanakinga plasta isichubuliwe na ndoo, lakini kinacholinda ukuta wa dushi ni tabaka lililo nyuma yake. Kisa hiki cha nyumba moja ya Ibanda, Bukavu, mashariki mwa Kongo, kinafaa kuchambuliwa kwa sababu makosa mengi ya kawaida yalikutana kwenye kipande cha ukuta kisichofika mita moja kwa upana.

Nyumba na doa lake

Nyumba ni ya matofali ya kuchoma na imekaa kwenye mteremko kama nyingi za mji huo. Udongo wa mlima ulikatwa, kiwanja kikasawazishwa, bafu na chumba kimoja cha kulala vikapangwa ubavu kwa ubavu, migongo yao ikielekea mlima. Kinachovitenga ni ukuta wa nusu tofali, unene wa kama sentimita 11 kabla ya plasta.

Bafu lina urefu wa mita 2.20 na upana wa mita 1.60. Dushi iko mwisho kabisa, upande wa mlima: eneo la sentimita 90 kwa mita 1.60, lenye kizingiti cha sentimita 5 na sifoni (tundu la kutolea maji) katikati. Robine (koki) imefungwa kwenye ukuta unaopakana na chumba cha kulala, mita 1.10 kutoka sakafuni. Kuta tatu za dushi zilibandikwa vigae vyeupe, makaro ya sentimita 20 kwa 30, hadi mita 1.80. Nje kidogo ya kizingiti, likiegemea ukuta huohuo wa chumba cha kulala, lilisimama pipa la lita 200 la kuwekea akiba kwa siku ambazo robine haitoi kitu.

Katika mwaka wa pili wa matumizi, rangi ya chumba cha kulala ilianza kuvimba juu kidogo ya sakafu. Ikapakwa upya. Doa likarudi. Mara ya pili ikapakwa rangi ya mafuta, na ndani ya bafu viungio vya makaro vikapakwa simenti nyeupe juu ya ile ya zamani. Miezi michache baadaye doa lilikuwa limepanda kutoka sentimita 50 hadi 90, plasta inamomonyoka ukiigusa, na chumvi nyeupe imejitokeza kwenye ukingo wa juu wa doa. Kabati lililokuwa karibu lilianza kunuka uvundo.

Rangi ya mafuta ndiyo iliyolipandisha doa. Tofali la kuchoma hunyonya maji kama utambi wa koroboi, na ukuta uliolowa hupumua kwa upande wowote ulio wazi. Upande huo ukizibwa, maji hayatoweki. Yanapanda mpaka yapate mahali palipo wazi, na hapo yanakauka na kuacha chumvi yaliyoibeba kutoka kwenye tofali na simenti. Chumvi inapoganda chini ya ngozi ya rangi inaisukuma na kuivunja. Kwa hiyo kila anayepaka rangi ngumu upande mkavu wa ukuta kama huu anahamisha uharibifu kwenda juu tu. Tiba hufanyika upande unaolowa.

Umeme kwanza

Ndani ya doa, sentimita 30 kutoka sakafuni, kulikuwa na prizi (soketi ya umeme). Kabla ya kipimo chochote, laini ya prizi hiyo ilizimwa kwenye sanduku la umeme na nyaya zake zikatenganishwa. Waya ndani ya ukuta uliolowa ni hatari kwa anayeoga upande wa pili, si kwa anayechomeka simu peke yake. Baada ya matengenezo prizi ilihamishiwa ukuta mwingine, na laini ya bafu ikafungiwa kikatishi cha tofauti cha miliampea 30, kinachokata umeme mara tu unapovuja.

Maji yanatoka wapi?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa kuwa watu huanza na nyundo. Washukiwa walikuwa wanne: mlima, bomba la maji safi, sifoni na sakafu yake, na ukuta wa dushi wenyewe. Kila mmoja ana kipimo chake, na vipimo vyote vinafanyika bila kuvunja karo hata moja.

Mwenye nyumba alikuwa na hakika ni mlima, na dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi, maana mvua za Bukavu hunyesha tangu Septemba hadi Mei na udongo uliokatwa hutoa maji. Lakini kiangazi cha huko, kuanzia Juni hadi Agosti, ndicho kipimo kizuri kuliko vyote. Udongo hubaki na maji wiki kadhaa baada ya mvua kukoma, kwa hiyo mwanzo wa Juni bado ni mapema. Mwanzo wa Julai ukuta wa nyuma, ule unaogusa mlima, ulikuwa mkavu upande wa chumba cha kulala, huku doa la ukuta wa kati likiwa bado bichi. Mlima ukaondolewa kwenye orodha.

Bomba la maji safi lilipimwa kwa njia mbili. Kwanza usiku: maji yanayoingia kwenye tangi la juu yalifungwa, kiwango kikawekewa alama, hakuna aliyefungua robine hadi asubuhi. Katika tangi lenye kipenyo cha mita 1, kushuka kwa sentimita 1 ni karibu lita 8, hivyo hata tone la kudumu huonekana. Kiwango hakikusogea. Hata hivyo kipimo hiki hakitoshi, kwa sababu tangi lililo mita 3 juu ya robine linatoa mgandamizo wa bari 0.3 tu, na ufa mwembamba unaweza kutulia kwa mgandamizo huo na kuvuja pale maji ya mji yanapokuja kwa nguvu. Kwa hiyo pampu ya mkono ya kupimia ilifungwa kwenye bomba, ikapandishwa hadi bari 6 na kuachwa saa 1. Sindano haikushuka. Bomba likawa salama.

Sakafu ilizibwa sifoni kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya plastiki, kisha eneo la dushi likajazwa maji ya kina cha sentimita 2 na kiwango kikachorwa kwa penseli. Ndani ya saa 24 hewa ya kawaida huchukua milimita 1 hadi 3. Hapa yalishuka milimita 9. Kwa eneo la mita za mraba 1.44, hizo ni karibu lita 13, na nyingi kati yake zilipita mahali pasipojulikana. Maji hayo yalitiwa rangi nyekundu ya chakula, na siku ya tatu wekundu hafifu ulionekana chini ya ukuta wa chumba cha kulala. Mafundi wengi hutumia bluu ya kufulia kwa kazi hii. Bluu nyingi za aina hiyo ni unga usioyeyuka, tofali linauchuja, na mtu anahitimisha kwamba hakuna uvujaji wakati upo.

Mwisho, ukuta. Dushi iliachwa bila kutumika siku nne, sakafu ikafunikwa plastiki iliyobandikwa kwa utepe ukutani ili maji yasifike kwenye kona ya chini. Ukuta wa robine ukanyunyiziwa maji kwa mpira, ukanda kwa ukanda, dakika 15 kila ukanda, kuanzia chini kwenda juu. Kuanzia juu ni kosa: maji yanateremka na kulowesha kila kitu, na huwezi kujua ni ukanda gani uliovuja. Ukanda wa chini ulilowesha kidogo. Ukanda uliokuwa na robine ulipofikiwa, plasta ya upande wa pili ilibadilika rangi kabla ya jioni.

Makaro 27 ya ukuta huo yaligongwa moja moja kwa sarafu. Kumi na saba yalitoa sauti ya utupu.

Kilichokuwa nyuma ya makaro

Katikati ya Julai makaro yalitolewa. Robine ya nusu inchi ilikuwa imepitishwa kwenye tundu la upana wa sentimita 7, na nafasi iliyobaki ilijazwa karatasi za mifuko ya simenti. Kilichoficha tundu hilo ni kile kisahani cha chuma kinachong'aa kwenye shina la robine, kilichokazwa bila silikoni. Maji yote yaliyoteremka juu ya ukuta wakati wa kuoga yalipita nyuma ya kisahani na kuingia moja kwa moja kwenye tofali.

Kosa la pili ni jinsi makaro yalivyobandikwa: kila moja kwa madonge matano ya simenti, manne pembeni na moja katikati. Njia hii ni ya haraka na inasahihisha ukuta uliopinda. Lakini kati ya madonge kunabaki mapango, na mapango hayo yote yanawasiliana. Maji yakipenya kiungio kimoja juu, yanashuka nyuma ya makaro hadi sakafuni na kukaa hapo. Viungio vyenyewe vilikuwa vya simenti nyeupe tupu iliyokorogwa na maji, ambayo husinyaa ikikauka na kuacha nyufa nyembamba kandokando ya kila karo. Kupaka nyingine juu yake, kama walivyofanya, kunaficha nyufa kwa wiki chache.

Karo lenyewe nalo linahusika. Makaro meupe mepesi ya ukutani ni udongo wenye ngozi ya kioo upande mmoja, na mgongo wake unaweza kunyonya maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Makaro ya porselini hunyonya asilimia 0.5 au chini. Hilo halina maana kwamba ya kwanza hayafai ukutani. Yanafaa kabisa ikiwa mgongo wake hauloweshwi kila siku.

Nyuma ya madonge kulikuwa na plasta ya mchanga wenye udongo mwingi, kisha tofali. Hakuna utando wowote wa kuzuia maji, si ukutani wala sakafuni. Sifoni ilikuwa imechomekwa kwenye sakafu bila kufungwa na kitu, ikiachana na zege kwa ufa wa milimita 2 hivi kuizunguka, na sakafu ilikuwa na mteremko unaokwenda kwenye kona ya ukuta badala ya sifoni.

Lilibaki swali moja. Doa la chumba cha kulala lilikuwa na urefu wa mita 1.50 kando ya ukuta, ilhali dushi ina sentimita 90. Sentimita 60 za ziada zililingana na pipa. Kila mara lilipojazwa kwa bidoni au kuchotwa kwa kopo, maji kidogo yalimwagika nyuma yake, na ukuta uliozibwa na pipa haupati hewa ya kuukausha. Pipa lililojaa lina zaidi ya kilo 200 juu ya robo ya mita ya mraba, na makaro mawili ya sakafuni chini yake yalikuwa yamepasuka. Kwa nyumba za Bukavu, ambako pipa bafuni ni jambo la lazima, hili linastahili uangalifu kuliko linavyopewa.

Kukausha, hatua inayorukwa

Fundi hulipwa kwa mita ya makaro yaliyobandikwa. Hakuna anayemlipa kwa wiki ambazo ukuta unakauka, na ndiyo maana hatua hii hurukwa hata na mafundi hodari. Lawama si yao peke yao; ni mkataba ulivyoandikwa. Katika kazi hii malipo yaligawanywa: kubomoa, plasta, utando, makaro, kila kimoja na tarehe yake, na picha ikapigwa kabla ya kila tabaka kufunikwa.

Ukuta hukauka polepole. Kadirio linalotumika sana ni milimita 25 za unene kwa mwezi, hewa ikipita vizuri. Ukuta wa sentimita 11 ulio wazi pande zote mbili unahitaji kama miezi miwili. Kwa hiyo plasta mbovu iliondolewa bafuni na vilevile chumbani, hadi sentimita 30 kupita ukingo wa doa, na viungio vya matofali vikakwanguliwa kwa kina cha sentimita 1. Chumvi iliondolewa kwa brashi kavu na kuzolewa. Kuiosha kwa maji ni kuirudisha ndani. Madirisha yaliachwa wazi mchana kutwa na feni ikazungushwa umeme ulipokuwepo. Familia ilioga bafu la nje.

Kuna anayeweka mbabula yenye makaa ndani ya chumba na kufunga mlango ili ukuta ukauke upesi. Makaa hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni isiyo na harufu, na watu wanaolala nyumba hiyo wanaweza wasiamke. Isitoshe, bila hewa ya kutoka, mvuke unarudi ukutani.

Kipimo cha kujua kama umekauka ni kipande cha plastiki angavu cha sentimita 50 kwa 50, kilichobandikwa pande zote nne kwa utepe na kuachwa saa 24. Ikiwa kuna matone chini yake au tofali limekoza rangi, bado. Hapa kipimo cha mwanzo wa Agosti kilishindwa. Cha mwanzo wa Septemba kikapita.

Kujenga upya: tabaka kwa tabaka

Eneo la kazi lilipimwa kabla ya kununua chochote. Kuta tatu za dushi zina jumla ya mita 3.40 kwa upana. Utando ukipanda mita 2, hizo ni mita za mraba 6.8. Sakafu yote ya bafu ni 3.5. Nje ya dushi utando ulipanda sentimita 15 ukutani, na hiyo ikaongeza nusu mita ya mraba. Jumla ni karibu mita za mraba 11.

Plasta ilianza na mrusho mwembamba wa simenti moja kwa mchanga mbili, uso wake ukiachwa mkwaruzo. Kesho yake likaja tabaka la milimita 15 la simenti moja kwa mchanga nne: mfuko 1 wa kilo 50 kwa ndoo 7 za mchanga za lita 20. Pamoja na mrusho, kuta hizo tatu zilikula mfuko mmoja na nusu. Mchanga ulipimwa kwa chupa: mchanga nusu chupa, maji yenye chumvi kidogo, tikisa, acha saa 1 hadi 3. Tope linalotulia juu likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, osha mchanga huo au tafuta mwingine. Unga wa hidrofiji, wa kuzuia maji, unaouzwa kwa pakiti za kutia kwenye mfuko wa simenti ulitumika, nao unasaidia. Lakini plasta yenye hidrofiji ikipata ufa, maji yanapita kwenye ufa huo bila kizuizi, kwa hiyo usiuhesabu kuwa ndio utando.

Plasta ilimwagiliwa siku tatu, kisha ikaachwa wiki tatu. Sakafu ilisawazishwa upya kwa mteremko wa sentimita 1.5 kwa kila mita kuelekea sifoni, kutoka mlangoni hadi ndani. Kona zote za ukuta na sakafu zilijazwa kipande cha mviringo cha mchanganyiko wa simenti na mchanga, kama sentimita 3, ili utando usipinde kwa pembe kali.

Utando uliochaguliwa ni wa simenti wenye vitu viwili, unga na maziwa yake ya plastiki, aina inayonyumbuka. Lami nyeusi ya kupaka ilikataliwa: inazuia maji, lakini gundi ya makaro haiishiki. Utando wa simenti una masharti yanayochanganya watu: ukuta uwe mkavu kwa ndani, lakini uso wake ulowanishwe kidogo kabla ya kupaka, bila maji kung'aa juu. Uso mkavu kabisa hunyonya maji ya utando kabla haujashika.

Tabaka la kwanza lilipakwa kwa brashi ngumu kwa kwenda kulia na kushoto, unene wa milimita 1. Likiwa bado bichi, utepe wa wavu wa nyuzi za kioo usioliwa na simenti, upana wa sentimita 10, ulizamishwa kwenye kona mbili za wima na kuizunguka sakafu yote, mita 11 kwa jumla, na vipande vya wavu vikazunguka matundu ya robine. Utando ulishuka juu ya ukosi wa sifoni mpya kwa sentimita 5, kwa sababu pale ndipo sakafu ya zamani ilipoachana. Tabaka la pili lilipakwa kesho yake, juu na chini, kukatiza la kwanza.

Kwa milimita 2, utando wa aina hii unakula takriban kilo 3.5 kwa mita ya mraba, na kwa mita za mraba 11 ni karibu kilo 39. Hesabu hii ndiyo njia bora ya kumkagua fundi bila kugombana naye. Zikinunuliwa kilo 40 na nusu yake ikabaki, utando ni mwembamba na haijalishi unaonekana vipi.

Siku ya nne sifoni ilizibwa tena, dushi ikajazwa maji sentimita 2, saa 24. Yalishuka milimita 1. Kama kipimo hiki kingeshindwa, kurekebisha kungegharimu brashi na kilo chache za unga. Baada ya makaro, kosa hilohilo lingegharimu kila kitu.

Makaro yalibandikwa kwa gundi ya mfuko inayofaa sehemu za maji, si kwa simenti tupu. Inatandazwa ukutani kwa mwiko wenye meno ya milimita 8, mistari yote ikielekea upande mmoja, na mgongo wa karo ukapakwa tabaka jembamba pia. Mifuko 3 ya kilo 25 ilitosha kwa mita za mraba 10.3. Sehemu inayolowa inataka karibu mgongo wote wa karo uwe umeshika, asilimia 95, na njia ya kujua ni kung'oa moja mara kwa mara kabla gundi haijakauka na kuangalia. Gundi iliyokaa ukutani zaidi ya dakika 20 na kufanya ngozi inakwanguliwa na kutupwa. Ukuta ulianzia safu ya pili, juu ya ubao uliopimwa kwa pima maji. Safu ya chini ikaja baada ya makaro ya sakafu, ili ya ukutani yakalie juu ya ya sakafuni na maji yateremke bila kukutana na mdomo wa kiungio.

Viungio vya milimita 3 viliachwa siku moja, kisha vikajazwa rojo maalumu la viungio lenye plastiki, chini ya kilo 3 kwa kazi yote. Kona hazikujazwa rojo. Ukuta na ukuta, au ukuta na sakafu, havisogei pamoja, na rojo gumu hupasuka hapo kila mara. Kona ziliachwa wazi milimita 5, zikasafishwa kwa spiriti, zikajazwa silikoni ya bafuni inayozuia kuvu. Kopo la mililita 300 linatosha mita 12 kwa kiungio cha milimita 5 kwa 5, yalinunuliwa mawili.

Kwenye robine, tundu jipya liliachwa milimita 4 tu kuizunguka bomba, likajazwa silikoni hadi ndani kwenye utando. Kisahani cha chuma kilizungushiwa silikoni juu na pembeni, chini pakaachwa wazi. Robine ikianza kuvuja ndani siku moja, maji yatatokea hapo na kuonekana, badala ya kuingia kimyakimya kwenye tofali.

Pipa, hewa na mlima

Pipa lilihamishiwa kona iliyo mbali na ukuta wa chumba cha kulala, juu ya kigoda cha chuma chenye miguu mipana, sentimita 10 kutoka ukutani, na robine ndogo ikafungwa chini yake ili watu wasichote kwa kopo. Dirisha dogo la bafu lilikuwa limezibwa kwa plastiki kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Plastiki ikatolewa, na tofali mbili za matundu zikawekwa juu ya mlango ili hewa ipite kutoka upande hadi upande. Usiku wa Bukavu ni wa baridi na watu huoga maji ya moto. Mvuke usiopata njia unaganda kwenye dari na kuotesha kuvu nyeusi. Kuvu ya dari na doa la chini ya ukuta ni mambo mawili tofauti, na utando hautibu ya kwanza.

Nje, ingawa mlima haukuwa chanzo, mfereji wa nyuma ulizibuliwa na udongo ukashushwa hadi sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu.

Asiye na fedha za kubomoa

Kuna nafuu ya muda. Kwangua viungio vyote hadi kina cha milimita 3 na ujaze rojo maalumu, toa rojo kwenye kona na uweke silikoni, fungua kisahani cha robine na uzibe tundu lake, tundika pazia la plastiki linaloingia ndani ya kizingiti, sogeza pipa. Acha upande wa chumba cha kulala bila rangi. Ukuta ulioanza kulowa juzi unaweza kutulia kwa hatua hizo, na robine pekee mara nyingi ndiyo nusu ya tatizo. Ila pale makaro mengi yanapolia utupu, maji yaliyo nyuma yake yameshapata njia, na silikoni haitayafikia. Mbao za plastiki za dari zinazobandikwa juu ya makaro mabovu ni mbaya zaidi: maji hupita kwenye maungio yake, na hutaona chochote hadi chumba cha pili kilowe.

Baada ya mvua kurudi

Upande wa chumba cha kulala ulipigwa plasta ya simenti moja, chokaa moja, mchanga sita, na kupakwa rangi ya maji tu, mwezi mmoja baadaye. Bafu lilirudi kutumika katikati ya Oktoba. Mnamo Novemba chumvi kidogo ilionekana tena kwenye plasta mpya, na hofu ikarudi nayo. Ni chumvi iliyobaki ndani ya tofali ikitoka na unyevu wa mwisho. Inafagiliwa kwa brashi kavu na kuachwa. Kipimo cha plastiki kilirudiwa Machi, katikati ya mvua, kikatoka kikavu. Silikoni za kona zinakaguliwa kila mwaka kwa kuzibonyeza kwa kidole, na ile inayoachana na karo hukatwa yote na kuwekwa mpya, kwa sababu silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani.